Sindano kwenye Pua ya Kwetu

Binti yangu alizaliwa na pua ya mama yangu. Muuguzi alipomlaza kifuani kwangu, katika hospitali moja hapa Minneapolis, sikuona vidole wala macho kwanza. Niliona ile pua, pana, bapa kwa juu, imetulia katikati ya uso mdogo uliokunjamana. Nilicheka huku nikilia. Mama yangu alikuwa Taita, na wakati ule sikujua nitamwona tena lini, kwa hiyo niliiona ile pua kama salamu aliyonitumia.

Sisi tunaiita pua ya kwetu. Mama anayo, mimi ninayo, dada zangu wanayo. Tulipokuwa wadogo, tukitumwa dukani Voi, watu wazima wasiotujua walitutazama kidogo kisha wakatuuliza hali ya mama. Hakuna aliyeisema kuwa ni nzuri au mbaya. Ilikuwa kama jina la ukoo, unalo tu.

Naanzia hapo kwa sababu watu wameniuliza sana ni nani aliyemwambia mtoto wangu kwamba pua yake ina kasoro. Sijui. Nimerudi nyuma katika miaka yake yote kumtafuta mtu huyo, na sijampata. Hakukua akilalamika. Alikuwa msichana wa kucheka, aliyependa kulala sakafuni na vitabu vyake, na alipomaliza chuo alipata kazi ya kuwatoa damu wagonjwa katika maabara ya hospitali. Aliipenda kazi hiyo. Wazee wenye mishipa iliyojificha walimngojea yeye, wakimkataa mtu mwingine, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi. Alikuwa akinieleza jinsi unavyogusa mkono wa mtu kwanza, polepole, mpaka kidole kihisi mshipa ulipo.

Kitu pekee nilichowahi kukiona ni picha zake. Alijipiga upande mmoja tu, kidevu kimeinama kidogo, na simu yake ilikuwa na namna ya kurekebisha sura, hivi kwamba katika picha alizoziweka mtandaoni pua ilikuwa nyembamba na imesimama. Siku moja nilimwuliza huyu ni nani. Alicheka, akaniambia kwa Kiingereza kwamba kila mtu hufanya hivyo, haina maana yoyote. Mimi na yeye tuliongea hivyo tangu alipoanza shule. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, na kila mmoja anamwelewa mwenzake. Kwa hiyo maneno yake mengi ninayoyaandika hapa hakuyasema kwa Kiswahili, isipokuwa pale nitakapotaja.

Hakutuficha. Alituambia mezani, katika nyumba yetu ya kupanga kule Hopkins, nje kidogo ya mji, baba yake akijiandaa kwenda kazini Eagan, kwenye ghala anakofanya kazi usiku. Alisema kuna mahali amepata miadi, atadungwa sindano chache ili pua iinuke kidogo hapa juu. Si upasuaji. Wanatumia kitu wanachokiita fila, dawa nzito kama jeli, inaingizwa chini ya ngozi na kukaa pale, ikijaza palipobonyea. Nusu saa umemaliza, na baada ya mwaka mmoja au zaidi inayeyuka yenyewe.

Baba yake alimwuliza ni ya nini. Akasema ni yake mwenyewe, anataka tu. Mimi nilimwuliza hatari yake. Alijibu vizuri, kama mtu wa hospitali anavyojibu. Unaweza kuvimba, unaweza kupata alama ya damu kuvilia, unaweza kupata uvimbe mgumu chini ya ngozi. Kuna mengine makubwa, akasema, lakini hayo hutokea kwa nadra sana, na huyo anayedunga ni muuguzi mwenye leseni na uzoefu wa miaka. Sikuwa na la kumpinga nalo. Nilisema tu, "Lakini hiyo pua ni ya nyanya yako."

Alinijia nyuma ya kiti akanibusu utosini. "Najua, Mama," akasema. "Itarudi."

Ilikuwa wakati ule theluji inapoanza kuyeyuka, barabara zimejaa tope jeusi na chumvi. Nilikuwa kazini, katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikimlisha bibi mmoja matufaha yaliyopondwa. Simu ilitetemeka mfukoni. Haturuhusiwi kuishika wakati wa kulisha, lakini iliendelea kutetemeka, ikanyamaza, ikaanza tena. Nikaweka kijiko chini nikatoka nje ya chumba.

"Mama," akasema. "Jicho yangu haioni."

Alisema kwa Kiswahili. Miaka mingi sikuwa nimemsikia akiunda sentensi nzima ya Kiswahili, na hii aliikosea, lakini ilitoka yenyewe. Nafikiri niliogopa zaidi kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya maneno yenyewe. Nilimwuliza jicho gani, akaanza kutapika, nikasikia kishindo, kisha mwanamke mwingine akashika simu. Aliniambia kwamba yeye ndiye muuguzi aliyekuwa akimdunga, kwamba ameshampa dawa ya kuyeyusha fila na anaendelea kumpa, kwamba gari la wagonjwa limo njiani. Akanitajia hospitali. Sauti yake ilikuwa ikijikaza isitetemeke. Nilimwuliza kama mtoto wangu anakufa. Akasema hapana. Nikamwuliza tena jicho gani. Akasema la kulia.

Sikumbuki nilivyoendesha gari kutoka kazini mpaka mjini. Nakumbuka kwamba nilikuwa nimevaa aproni ya plastiki ya kazini, na kwamba hapo kwenye lifti mtu mmoja aliniangalia nikadhani nimefanya jambo la aibu.

Alikuwa ameketi kitandani, amejiinamia, beseni mapajani. Kope la jicho la kulia lilikuwa limeanguka kama la mtu aliyelala nusu. Kutoka katikati ya nyusi mpaka ncha ya pua, na kupanda kwenye paji la uso, ngozi ilikuwa na mabaka ya zambarau na meupe, yaliyosukana kama wavu. Aliposikia sauti yangu aligeuza kichwa chote, kama kuku anavyogeuza, ili anione kwa lile jicho jingine. Baadaye nilikuzoea kugeuka kule. Siku ile nilizunguka kitanda nikasimama kushoto kwake.

Alinieleza polepole. Sindano za kwanza hazikuuma. Walikuwa wakizungumza yeye na yule muuguzi, juu ya mbwa wa muuguzi. Kisha ikaingia moja, na ghafla akahisi maumivu nyuma ya jicho kama msumari unaopigiliwa kutoka ndani kuja nje, na kabla hajasema kitu, upande ule wote ukazima. Haukuwa na giza, akasema. Ulikuwa hauna kitu.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye mikono baridi. Alimfungua kope kwa kidole gumba, akaleta kurunzi ndogo karibu sana, akamwuliza kama anaona mwanga. Binti yangu alingoja kidogo.

"Umeshaiwasha?" akauliza.

Baba yake alikuwa ameingia wakati huohuo, nywele zimesimama, ametoka usingizini, viatu havijafungwa. Alilisikia swali lile na aliiona ile kurunzi ikiwaka. Aliegemea ukuta.

Walihangaika naye sana, na nitasema hivyo siku zote. Walimdunga ile dawa ya kuyeyusha kuzunguka jicho na nyuma yake. Walimkanda jicho kwa vidole, wakamwekea matone ya kupunguza shinikizo, wakampeleka kwenye chumba maalumu cha kuvutishwa oksijeni kwa shinikizo, wakamrudisha. Kati ya hayo yule daktari alitutoa nje ya chumba akatueleza kilichotokea, akichora kwa kidole kwenye kiganja chake. Mishipa midogo ya damu ya pua imeungana na mishipa ya jicho. Ncha ya sindano iliingia ndani ya mshipa mmoja, mdogo kama uzi, na jeli ikasukumwa humo. Ilikwenda kinyume na damu mpaka ilipofika njia panda, kisha damu ikaibeba na kuipeleka mbele, ndani ya jicho, ikaziba mshipa unaolisha ile ngozi nyembamba iliyo nyuma ya jicho na kupokea mwanga. Ngozi ile haiwezi kuvumilia kukosa damu. Muda wake ni mfupi mno, mfupi kuliko muda wa kumfikisha mtu hospitali na kumwandaa.

Nilimwuliza kama kuna mahali pengine, mji mwingine, nchi nyingine. Alitikisa kichwa. Akasema kope litainuka baada ya wiki kadhaa, na jicho litarudi kusogea, ila kuona halitaona tena. Alilisema bila kuzungukazunguka, nami nilimshukuru. Kisha nikaona kwamba nimemshukuru, nikajichukia.

Yule muuguzi aliyemdunga alikuja. Hatukumwita. Jioni tulimkuta ameketi mwisho kabisa wa chumba cha kungojea, bado amevaa sare yake ya kazi, koti mapajani. Nilikuwa nimeshamtengeneza kichwani: kucha ndefu, midomo iliyovimba, mtu wa kupenda fedha. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, uso wa kawaida tu uliovimba kwa kulia. Alisema amefanya kazi hii miaka mingi na halijawahi kumtokea. Alisema alivuta bomba la sindano nyuma kwanza ili aone kama damu itaingia, na haikuingia. Alifanya alivyofundishwa.

"Nimeirudia kichwani tangu asubuhi," akasema. "Sioni ningefanya nini tofauti."

Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akamgeuzia mgongo, akaenda dirishani. Mimi nilibaki nimesimama mbele yake. Ningependa kuandika kwamba nilimsamehe, au kwamba nilimtukana. Sikufanya lolote. Alikuwa amenyang'anya kitu ambacho hakikuwa cha kurudishwa, na hata hivyo hakuwa amekosea popote nilipoweza kuweka kidole. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mlevi. Baada ya siku ile hatukumwona tena, na mwanasheria tuliyemwendea alituambia jambo lilelile kwa maneno marefu: hatari ilielezwa, mgonjwa aliikubali, dawa ilitolewa kwa wakati.

Sasa kuna jambo ambalo bado sijui nilifanyie nini. Ile dawa ya kuyeyusha ilifanya kazi yake sawasawa. Fila yote iliyeyuka. Siku ya kutoka hospitali, nilipokuwa nikimwosha uso kwa kitambaa cha uvuguvugu, uvimbe ulikuwa umeshuka, na katikati ya madoa na magamba niliiona pua yake ilivyokuwa tangu kuzaliwa, pana, bapa kwa juu. Ilikuwa imerudi kama alivyoniahidi. Nilisuuza kitambaa, nikakamua, nikaendelea kuosha, nikajaribu uso wangu usioneshe kitu.

Ngozi ya ncha ya pua na ya katikati ya nyusi iligeuka nyeusi, ikakauka, ikabanduka. Chini yake pakabaki mashimo mawili ya kovu, moja dogo, moja la ukubwa wa punje ya maharagwe. Kope likainuka polepole kama daktari alivyosema. Jicho lenyewe lilibaki zuri, hilo ndilo la ajabu. Ukimtazama hungejua.

Nyumbani tulianza kujifunza mambo ambayo hakuna aliyetuambia. Nilidhani mtu mwenye jicho moja anaona nusu ya vitu. Kumbe anaona karibu vyote, ila havina umbali. Alimimina chai pembeni ya kikombe, mezani, akaendelea kumimina mpaka nikamshika mkono. Alinyoosha mkono kupokea funguo kwa baba yake akashika hewa. Kwenye ngazi za jengo letu alisimama juu, mguu umening'inia, akitafuta ngazi ya kwanza kama anayepima maji. Alikasirika tukimsaidia, na tusipomsaidia alikaa chini.

Alirudi kazini mapema kuliko tulivyomshauri. Kwa mgonjwa wa kwanza alikosa mshipa. Akajaribu mkono wa pili, akakosa. Yule mgonjwa, mzee mmoja aliyemjua kwa miaka, alimwambia asijali, ajaribu tena, naye akajaribu, na mzee akakunja uso bila kutoa sauti. Binti yangu aliweka sindano kwenye trei, akamfunga mzee pamba, akamwomba radhi, akanawa mikono na kuja nyumbani. Kidole chake bado kilihisi mshipa ulipo, aliniambia. Ila kati ya kidole na ncha ya sindano palikuwa na nafasi asiyoweza kuijua tena.

Wakubwa wake walikuwa wema. Walimpa kiti na simu, awe anawapangia wagonjwa miadi. Alikaa hapo kwa miezi michache, akiwasikia wenzake nyuma ya ukuta wakifanya kazi yake, kisha akaacha.

Watu wa kanisani walikuja, Wakenya wenzetu, na familia mbili tatu za Kikongo tunazosali nazo. Walileta chapati, walileta pondu, yale majani ya muhogo, na samaki, walijaza sebule mpaka wengine wakakaa kwenye zulia. Waliomba kwa sauti. Najua walikuja kwa upendo. Lakini mama mmoja, katikati ya maombi yake, alimshukuru Mungu kwa kumuumba kila mmoja wetu jinsi alivyo, na akaomba wasichana wetu wafundishwe kuridhika. Sebule yote ikaitika amina. Binti yangu alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa, na ukuta wetu ni mwembamba. Watu husahau kwamba watoto hawa wanaelewa kila kitu, kwa kuwa hawajibu.

Kanisani hajarudi tangu hapo. Mimi naenda. Nakaa nyuma, naimba kwa mdomo tu. Nikipiga magoti nyumbani, nanyamaza, na baada ya muda nainuka. Zamani nilikuwa mtu wa maombi marefu, mume wangu alinitania kwa hilo. Sasa sijui niombe nini. Jicho limekufa, daktari amenieleza jinsi lilivyokufa, nami nimemwelewa.

Mume wangu hakulia hata mara moja mbele yangu. Aliacha tu kupanda nyumbani moja kwa moja akitoka kazini. Asubuhi naliona gari letu limeegeshwa uwanjani, injini imezimwa, naye yumo ndani, mikono kwenye usukani. Siku moja niliteremka nikafungua mlango nikaketi kando yake. Madirisha yalikuwa yameanza kuganda. Akaniuliza lile swali, akinitazama kana kwamba mimi nilijua na nilikuwa nikimficha.

"Nani alimwambia pua yake mbaya?"

"Sijui."

"Mtu alimwambia."

"Labda hakuna mtu, baba. Labda ni picha tu. Labda ni nyuso zote alizoziona tangu amezaliwa hapa."

Alifikiri. "Basi nimgombeze nani?" akasema.

Kwa mama yangu Taita tulisema kwamba mjukuu wake ameumia jicho kazini. Ni mzee, anaishi na dada yangu mkubwa, na tuliona hakuna haja ya kumweleza mambo ya jeli na sindano. Kwa miezi kadhaa binti yangu alikwepa simu zake za video. Ama analala, ama ametoka. Kisha Jumapili moja mchana alikuwa amekaa kando yangu kwenye kochi simu ilipoita, na sijui kwa nini, hakuondoka. Nilipokea. Mama alijaza kioo chote cha simu, kama kawaida yake, ameishika simu karibu mno, hivi kwamba tulichokiona zaidi ni pua.

Walisalimiana. Binti yangu alikuwa amekaa kiupande, upande mzuri mbele. Mama akauliza mbona anakaa hivyo.

"Geuka, mjukuu wangu, nikuone."

Aligeuka. Kule juu kwenye pembe ya kioo niliona nyuso zetu mbili ndogo, na ule mkubwa wa mama chini yake, na zote tatu zilikuwa na kitu kimoja katikati. Mama alitazama kwa muda. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, yana ukungu, lakini makovu aliyaona.

"Hilo la kulia ndilo?"

Nikasema ndilo.

"Mimi ninayo mawili," mama akasema. "Na hayana kazi kubwa tena. Nimeshaona ya kutosha. Mwambie daktari nitakuja, nitapanda ndege, achukue moja ampe mtoto."

Nilimwambia haiwezekani, jicho zima haliwezi kuhamishwa hivyo.

"Umemwuliza?"

"Nimemwuliza, Mama."

"Mwulize tena."

Dada yangu alisikika nyuma akimwambia mama amwache mtoto. Binti yangu alikuwa akikitazama kioo bila kupepesa. "Asante, nyanya," akasema kwa Kiswahili, taratibu, kila silabi mahali pake. Kisha akainuka akaingia bafuni akafungulia maji, na yalitiririka muda mrefu sana. Mama aliendelea kuongea nami juu ya mvua. Nilimjibu. Sijui nilimjibu nini.

Huu ni mwaka wa pili. Jicho lililokufa limeanza kupotea njia, linatazama nje, kila mwezi zaidi kidogo. Daktari anasema jicho lisiloona huacha kujua pa kutazama. Anaweza kulinyoosha kwa upasuaji, lakini litapotea tena. Binti yangu sasa anavaa miwani mikubwa isiyo na nguvu yoyote, kwa ajili ya kulilinda lile moja lililobaki. Likiingia vumbi, likiwasha tu, akilisugua kwa mgongo wa mkono, sisi wawili tunaacha tunachofanya, tunamtazama mpaka amalize. Anajua tunamtazama.

Anafanya kazi ya simu nyumbani, kwa kampuni fulani ya bima, amevaa vipokea sauti masikioni, mapazia yamefungwa. Marafiki zake walikuja mwanzoni. Mmoja wao, msichana mzuri aliyekuwa akicheza nyumbani kwetu tangu wakiwa wadogo, alikuja midomo yake imejazwa, bado imevimba kidogo pembeni. Alijaribu kuificha kwa kikombe. Binti yangu hakumsema, alimkaribisha vizuri, akamtania hata. Yule alipoondoka, binti yangu alisema hamlaumu, kwa sababu yeye mwenyewe alijua habari za watu waliopofuka kabla hajaenda. Alizisoma. Aliona ni watu wengine.

Wiki iliyopita nilimwomba anisindikize dukani, kununua sabuni ya kufulia. Alikubali, jambo ambalo ni nadra. Tulipofika na gari kusimama, hakufungua mlango. Aliniuliza swali, mbele akitazama.

"Ukinitazama mimi, unaona nini kwanza?"

Nilisema namwona mtoto wangu. Akasema, bila hasira, kwamba hilo si kweli. Amenichunguza. Naanza na jicho la kulia, kisha kovu, kisha naangalia kando. Hata baba yake hufanya hivyo. Alisema hatulaumu, yeye mwenyewe kwenye kioo huanza hapohapo, na kwamba siku hizi hawezi kukumbuka ni nini hasa kilichokuwa kikimsumbua kwenye ile pua. Anajaribu kukumbuka. Anaangalia picha za zamani, zile ambazo hazikurekebishwa, anaitafuta kasoro, haioni.

Nilitaka kumwambia kitu. Nilikitafuta kwa Kiswahili, nikakitafuta kwa Kiingereza. Alingoja kwa heshima, kisha akafungua mkanda akashuka.

Huwa natembea upande wake wa kulia, lakini siku hiyo alitangulia. Aliingia dukani mbele yangu, ameinamisha kichwa, na pale penye vikapu bega lake la kulia likagonga nguzo ya chuma, kwa nguvu. Hakugeuka. Alisema samahani kwa Kiingereza, kwa ile sauti ya adabu tuliyomlea nayo, akasogea kando kidogo ili huyo aliyemgonga apite, akaendelea mbele. Nilichukua kikapu nikamfuata. Sikumwambia kwamba hapakuwa na mtu.